Flashi ya Nathaniel

Jambo hili lilimpata Prudencia Rwegasira, binti ninayemfahamu, mpiga chapa wa kompyuta katika duka moja mtaani Pasiansi, kando ya ziwa.

Mdogo wake, Nathaniel, alikuwa amezama ziwani, na siku ya tisa mwili wake ulikuwa haujaonekana. Mchana, baba yao mkubwa, mzee Jovinary, akapiga simu.

"Mgomba tumeshaukata, Prudencia. Kesho tunauzika badala ya mwili wake, kama mila inavyotaka. Linalobaki ni neno lako."

"Nipe mpaka jioni, baba."

Tangu msiba, Prudencia alikuwa ameifunga flashi ya Nathaniel kwenye pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na mchezo wa kujenga kijiji, usiohitaji kuwekwa kwenye kompyuta: ukichomeka flashi unacheza, na kila ulichojenga kinabaki humo humo. Akaichomeka kwenye kompyuta ya dukani, apate kumuaga.

"Dada, wewe nawe na michezo ya watoto!" akamtania Queen, mwenzake wa kazi, akatoka kufuata chai.

Kijiji kikafunguka. Mchezo ukaonyesha kwamba ulichezwa mara ya mwisho leo, saa saba na dakika arobaini. Prudencia akatazama saa: ilikuwa saa nane kasoro kumi.

Wingu lilikuwa limeshafunika ziwa. Umeme ukakatika. Feni ikanyamaza, kioo kikawa cheusi, na giza la mvua likajaa chumbani. Simu ikaita, ni mzee Jovinary tena. Hakuipokea. Chini ya vidole vyake, ambavyo hakuvisogeza, vitufe vilikuwa vinabonyea kimoja baada ya kingine, taratibu, na kila kimoja kilikuwa kimelowa maji.