Hodi Kwenye Mashine Iliyozimwa

Mtu mwenye akili timamu hapigi hodi kwenye nyumba iliyobomolewa. Ndiyo maana Siga Ngom, jioni ile jua likizama juu ya mji wa Diamniadio, alipoona kengele ya njano ikiwaka kwenye skrini yake, alidhani macho yanamdanganya. Kadi ya picha ilikuwa inaomba ukurasa wa memori kwa niaba ya mashine iliyozimwa tangu alasiri.

"Badji, hebu njoo uone," alisema. "Kadi ya kliniki inaomba."

Malamine Badji, mwenzake wa zamu kwenye kituo cha seva, akaja na kikombe chake cha kahawa ya Tuba yenye viungo. Yeye Mdiola wa Kasamansi, Siga Mserer, na makabila hayo ni watani tangu mababu. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake na hakuna anayenuna.

"Mashine imelala, kadi yake inaota," alisema. "Ni wewe mtumwa wangu uliyeifundisha kuombaomba. Waserer kwa kula hamjambo."

"Na ninyi kwa kunywa. Angalia vizuri."

Akaangalia. Utani ukamwishia mdomoni.

Tusichoshane na ufundi; mambo yenyewe ni haya. Ndani ya seva moja kubwa walipangishwa wageni wengi, mashine pepe, kila moja ikijiona kompyuta kamili kumbe ina chumba tu. Mgeni wa kliniki ya uzazi alikabidhiwa kadi ya picha mkononi mwake, bila seva kukaa katikati, ili asome upesi picha za matumbo ya wajawazito. Kadi ya namna hiyo hujichotea yenyewe kwenye memori, na njiani kuna bawabu mmoja tu, anayeangalia kama ukurasa unaoombwa upo. Usipokuwepo, bawabu hupiga kengele, kadi husubiri, na programu aliyoiandika Siga hukimbia kuutafuta ukurasa huko ulikowekwa, ikauleta na kusema: tayari, chukua. Na kama ukurasa wenyewe si wa mtu yeyote, haumo kabisa, basi sheria ya kazi ni moja. Unakataa.

Siga, tangu wiki chache kabla ya jioni ile, hakuifuata. Kila alipokataa, mashine ya kliniki ilianguka, wakunga wakapiga simu wakifoka, na Tabaski, Idi ya kuchinja, ilikuwa mlangoni. Tena alilelewa Fatick, kwenye nyumba ambayo upande mmoja wa bakuli la wali huachwa bila kuguswa kwa ajili ya atakayetokea, na huyo haulizwi jina mpaka ashibe. Basi akaandika mstari mmoja tu: asiyejulikana naye apewe, ukurasa mtupu, safi. Kliniki haikuanguka tena. Bosi alimsifu mbele za watu, naye akaona fahari, kwa nini asione?

Siga alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili zilizotangulia zilikuwa zimeharibika, na hii ndiyo ya kwanza kufika alipoweza kuhisi mtoto akicheza. Kipimo kilikuwa kimeonyesha mtoto wa kiume, mmoja, mzima. Mkwewe, Mama Khoudia wa kijiji cha Bargny, alikuwa mganga wa kabila la Walebu, wale wanaozungumza na rab, majini wa koo. Uani kwake kulikuwa na vyungu anavyovimwagia maziwa yaliyoganda. Alikuwa amempa Siga amri moja: magharibi asikae peke yake, na akiitwa asiitike mpaka amwone anayemwita.

Kengele ile ikawa inawaka kila magharibi, kliniki ikishazima mashine yake. Chumba cha seva ni kikavu na baridi, hata vumbi haliingii, lakini sasa Siga akifungua mlango alikutana na harufu ya udongo uliolowa na maziwa yaliyochacha. Feni nazo zilibadilika mlio. Zilivuta, zikanyamaza kidogo, zikavuta tena, kama mtoto aliye kwenye titi. Siga alijiambia ni mimba inamchezea pua na masikio. Mwanamke mjamzito husingizia mimba kila kitu.

Malamine ndiye aliyekwenda kuchokonoa. Kurasa walizozitoa tupu, alisema, zimerudi zimejaa. Na kwa kuwa kadi ni ya picha, amezipanga pamoja aone ni picha gani. Alisema hivyo akiwa hamtazami Siga usoni.

"Ni tumbo," alinong'ona. "Tumbo la mwanamke."

"Basi ni la mgonjwa wao."

"Mgonjwa gani? Leo Jumapili, kliniki imefungwa. Na juzi mtoto aliyemo alikuwa mdogo, Siga. Anakua."

Akageuza skrini. Ilikuwa picha ya kijivu kama zile zote, kiza chenye mawimbi, na katikati yake mtoto. Lakini watoto wa kwenye picha zile hulala ubavu, wamejikunja na mambo yao, na huyu alikuwa amegeuka kuwatazama, macho wazi, kiganja kimoja kimebandikwa mbele yake kama mtu anayechungulia dirishani, na kengele ilipowaka tena na ukurasa mwingine ukatolewa, mguu wake ambao haukuwa na vidole ukapata vidole, kisha ukajikunja, ukapiga teke, na Siga aliyekuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili akangoja ahisi kitu, chochote, akangoja huku feni zikivuta na kunyamaza na kuvuta, na ndani yake hakukuwa na kitu, kimya tu, kimya kizito kama gunia lenye maji.

"Hajacheza tangu adhuhuri," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Badji, ananichukulia mwanangu."

Malamine alisimama. "Naenda kuing'oa hiyo kadi."

"Huwezi. Kuna maombi yanasubiri majibu. Ukiing'oa sasa seva yote inaganda, na wageni wote waliomo wanaenda nayo."

"Waende."

"Ngoja nimpigie mama."

Mama Khoudia alifika akiwa amebeba bakuli lililofunikwa kitambaa, kama mkwe aliyeletea watu chakula. Mlinzi wa getini alikuwa kijana wa Bargny; alipomtambua alitazama pembeni, akafungua, wala hakumwandika kwenye daftari. Bibi aliingia chumba cha seva, akanusa, akakaa sakafuni mbele ya taa zinazopepesa.

"Nani alimwitikia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni programu, mama."

"Programu ya nani?"

"Yangu."

"Basi umeitika wewe. Ulimuuliza jina?"

Siga akatikisa kichwa, machozi yakimtoka.

"Kukaribisha si kosa, mwanangu. Kosa ni kukaribisha ukiwa umempa mgongo anayeingia. Amebisha, akapewa chumba. Akabisha tena, akapewa kingine. Sasa anadhani nyumba ni yake."

"Tufunge tu mlango," alisema Malamine.

"Aliyebisha hajajibiwa, ukifunga anabaki kizingitini. Lazima aambiwe hapana. Kila hodi na hapana yake. Na aseme huyu aliyemwitikia."

Siga alikaa mbele ya kibodi. Alikosea mara kadhaa kuufuta mstari wake mmoja na kuandika mwingine mahali pake: hapana, si chako. Bibi alifunua bakuli lake la maziwa, akaanza kuita majina ya rab wa Bargny mmoja mmoja, kwa upole, kama mtu anayetafuta mtoto wa jirani. Hakuna jina lililoitikiwa. Maombi yaliyosubiri yakaanza kukataliwa, na kila hapana ilipotoka, kitu fulani kilifutika kwenye picha, vidole, goti, sikio, na harufu ikapanda hadi Malamine akaziba pua kwa shati, na feni zikavuta bila kunyamaza tena, zikavuta na kuvuta mpaka sakafu ikatetemeka chini ya miguu yao na maziwa yakachafuka bakulini, na Siga akawa anasema hapana kwa mdomo pia, hapana, hapana, si chako, akiyatazama yale macho ambayo yalikuwa ya mwisho kubaki na ambayo hayakumtazama usoni tena, yalishuka polepole yakatulia kwenye tumbo lake.

Kisha skrini ikawa nyeusi. Feni zikarudia mlio wake wa kawaida. Malamine aliing'oa kadi, akaiweka chini kama mtu aliyeshika mzoga.

Na mtoto akacheza. Akapiga teke zito, Siga akaguna, akacheka, akalia, akaushika mkono wa mkwewe na kuuweka pale. Bibi alitabasamu. Malamine akakaa chini akasema mtumwa wake amemzeesha miaka kumi kwa jioni moja.

Asubuhi Siga na mkwewe walikwenda kliniki, kwa ajili ya kuutuliza moyo tu. Mkunga, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, alimpaka mafuta tumboni, akapitisha kifaa chake, akatazama skrini yake, akaguna.

"Mabinti wa siku hizi. Mbona hukuniambia?"

"Nini?"

"Mapacha. Huyu hapa, amelala ubavu, mvivu. Na mwenzake huyu nyuma yake. Aliyekupima kwanza alikuwa haoni?" Akainamisha kichwa. "Huyu wa pili ana vituko. Amegeuka anatutazama."

Mama Khoudia alilipia kipimo, akamsaidia mkwewe kuvaa, wakatoka hadi kwenye kivuli cha ukuta. Siga alikuwa amemshika kanga asianguke.

"Mama, tulimkataa. Niliona mwenyewe."

"Tulimkatalia kule, kwenye mashine."

Siga aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo. Teke lilikuja kulia. Baadaye kidogo, taratibu, lingine likaja kushoto, la nguvu ile ile.

"Wangu ni yupi?" aliuliza.

Bibi alimziba mdomo kwa kiganja chake.

"Punguza sauti, mwanangu. Wote wawili wanasikia."