Protini ya Pili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimfunga mama yake vifungo vya gauni, akamchana nywele, akamketisha karibu na dirisha. Jina la Chiriku alipewa na baba kwa sababu tangu utotoni alikuwa haishi maneno. Kisha alifungua daftari walilopewa na daktari wa kliniki ya ubongo, akaandika mama amelala vipi, amekula nini, amesahau nini.

Mama alikuwa na miaka arobaini na miwili tu. Alikuwa fundi cherehani hodari, mtu wa kukata kitambaa kwa macho bila kuchora. Sasa alishika sindano akauliza ni ya kazi gani. Ugonjwa wake, Alzheima, ulikuwa wa kurithi. Ulishawachukua bibi na mjomba, wote kabla ya uzee.

Lakini kuna mambo mawili Chiriku hakuyaandika. Mama aliongea na watoto wasiokuwepo, waliokaa, kwa maneno yake, juu ya kabati. Na hata akilala mchana, alirusha ngumi usingizini kama anayepigana.

Siku moja binti wa jirani, aliyesoma darasa moja na Chiriku, alichungulia mlangoni akayasikia maongezi yale. Kesho yake darasani wanafunzi waliulizana kwa vicheko, "Jamani, watoto wa kabatini hawajambo?" Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu hapo aliandika, "Leo hakuna jipya." Baba, fundi wa kuchomelea vyuma, kila jioni alirudi kachoka hoi na kulitia sahihi daftari bila kusoma.

Mama akaanza kufoka na kusukuma sahani. Walipompeleka kliniki, daktari alipekua daftari, akauliza, "Haoni vitu ambavyo ninyi hamvioni?"

"Haoni," Chiriku alijibu upesi.

Daktari akaandika vidonge vya kumtuliza.

Siku ya tatu mama aliamka amekakamaa kama gogo. Mguu haukunyanyuka, mate yalimtoka, hata chai ilimshinda kumeza.

"Mama, fungua mdomo kidogo tu," Chiriku alimbembeleza. Mama alimtazama kwa macho ya hofu, asiweze kusema neno.

Kwenye benchi la kliniki Chiriku alishindwa kuvumilia. "Baba, ni mimi," alisema huku akilia, akaeleza yote. Baba hakumgombeza. Alimshika mkono, wakaingia kwa daktari, na Chiriku akayarudia yale yale.

Daktari alisimamisha vidonge papo hapo, akachukua maji kidogo ya uti wa mgongo wa mama yapelekwe maabara. Majibu yalichukua majuma mawili.

"Protini mbovu za Alzheima tulizijua," daktari alieleza. "Lakini kipimo kimeonyesha protini nyingine, isiyo ya Alzheima, imejichanganya nazo humo humo ubongoni. Mama yako ana magonjwa mawili kwa mpigo. Huu wa pili ndio unaomwonyesha watoto wale na kumpiganisha usingizini. Mwenye nao hudhurika sana na vidonge vile. Ningejua, nisingempa."

Alibadilisha dawa. Mama alianza tena kutembea kwa kushika ukuta, na usingizi wake ukatulia. Maneno, hata hivyo, hayakurudi. Hakumwita tena Chiriku.

"Ni vile vidonge vilivyomnyamazisha?" Chiriku aliuliza.

"Pengine ni vidonge, pengine ni ugonjwa wenyewe. Sijui, na sitakudanganya. Kupona, hatapona."

Waliondoka polepole, mama katikati. Njiani Chiriku alisema, "Baba, nisamehe."

"Nimekusamehe. Na mimi nina kosa langu. Nilitia sahihi kitu nisichokisoma, nikamwachia mtoto mzigo wa mtu mzima." Baba alimshika mama mkono vizuri zaidi. "Lakini sikia, mwanangu. Maabara inaona protini. Haioni mama anaongea na nani. Hilo tunaliona sisi wa nyumbani, na tukilificha daktari anatibu gizani, anayeumia ni mgonjwa. Wacha watu wacheke, watachoka. Sisi tuseme kweli yote, hata ile ya aibu."

"Ndiyo, baba," alisema Chiriku, akapunguza mwendo ili mama asijikwae.