Sema Kila Unachofikiria

Jumamosi, soko la Marikiti mjini Machakos halina adabu. Watu hukanyagana, na anayetaka kuombwa radhi abaki kwake. Mwongeli alikuwa amekumbatia rinda la mtumba, la kijani lenye kola nyeupe, aliposikia sauti ya kiume nyuma yake.

"Usinunue hiyo, madam. Kwa kwapa imeachana."

Aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu, shati limenyooshwa kwa pasi, anacheka kwa macho.

"Kwani wewe ni daktari wa marinda?"

"Nafunza watu kushona kule viwanda vya nguo vya EPZ, Athi River. Naitwa Musili."

"Mwongeli. Daktari ni mimi. Yaani, karibu niwe. Nasomea PhD."

"Ya kutibu nini?"

"Ya kutibu masomo mabaya."

Walicheka wote wawili. Rinda alilinunua hata hivyo, Musili akalishona kwapa, na mambo yakaanzia hapo.

Mwongeli alikuwa mwalimu wa sekondari. Wikendi alisomea ubunifu wa mafunzo na teknolojia, yaani namna ya kutengeneza somo la simu ambalo mtu ataelewa bila mwalimu kumsimamia. Musili hakuelewa nusu ya habari hizo, lakini alipenda kumsikiliza anavyozieleza. Kila jioni alipiga simu.

"Mwalimu, umekula?"

"Nimekula nadharia tu."

"Aiya! Hizo hazishibishi. Kesho nakuletea muthokoi."

Neno mapenzi hakuna aliyelitamka. Watu wazima wawili, waoga kama vifaranga!

Ndipo ikaja kazi ya muhula. Mwongeli alitengeneza somo la kupandikiza miche ya avokado, kwa ajili ya wakulima wa kwao Kathiani, na alihitaji mtu asiyejua lolote wa kulijaribu. Musili akajitolea. Katika jaribio kama hilo, mwanafunzi hufuata somo huku akisema kwa sauti kila kinachompitia akilini, na aliyelitengeneza hukaa kimya kabisa. Akitamka neno moja tu, jaribio limeharibika. Simu hurekodi yote ili mhadhiri asikilize.

"Sema kila unachofikiria," Mwongeli alimwambia sebuleni kwake, amevaa lile rinda la kijani. Kwamba yeye mwenyewe hatajibu, hilo alisahau kumwambia. Mtu anayesomea udaktari wa kutoa maelekezo!

Musili alikata kikonyo, kile kijitawi cha kupandikizwa, akakibana kwenye mche.

"Sasa nafunga na nailoni. Naanza juu ama chini? Hii video iko na haraka sana. Nailoni inaniponyoka. Ni vile umekaa karibu." Akaendelea bila kuinua macho. "Nafikiri nakupenda, Mwongeli. Nafikiri hivyo tangu Marikiti."

Moyo wa Mwongeli uliruka kwa furaha. Alifungua kinywa, akaiona simu inarekodi, akakifunga. Musili alisubiri. Aliposikia kimya tu, alimaliza kufunga nailoni taratibu.

"Asante, tumemaliza," alisema Mwongeli, na papo hapo darasa la mtandaoni likaanza kumwita kutoka chumbani. "Ngoja kidogo, narudi!"

Alipotoka chumbani, Musili alikuwa ameshaondoka.

Wiki zikapita. Kila alipompigia, simu ililia bure, mpaka siku moja ikapokelewa.

"Musili, mbona unanihepa?"

"Sikuhepi. Nimepata kazi Naivasha. Naenda Jumatatu."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia kitu kubwa kuliko hiyo, ukaninyamazia." Akakata simu.

Mwongeli aliketi sakafuni. Hapo ndipo alipoelewa, akalia kwa uchungu. Dirishani, mche alioupandikiza Musili ulikuwa umetoa majani mawili.

Jumapili mchana alibisha mlango wa Musili kule Athi River, mche mkononi.

"Umeshika," alisema. "Ulikata vizuri."

Musili aliyagusa yale majani kwa kidole. "Karibu ndani."

Mizigo ilikuwa imefungwa. Cherehani tu ndiyo iliyobaki mezani, na Mwongeli akaenda kuketi mbele yake.

"Sijawahi kutia uzi kwa cherehani. Nitajaribu, nikisema kila ninachofikiria, na wewe usijibu hata neno moja mpaka nimalize. Hiyo ndiyo sheria, Musili. Ile siku nilisahau kukuambia."

Musili alimkodolea macho. Kisha akavuta kiti, akaketi.

"Napitisha hapa juu. Nafikiri nimekosea. Nafikiri ile siku nilitaka kupiga nduru. Niliogopa kurudia kazi ya shule, nikapoteza mtu. Tundu ya sindano iko wapi sasa? Nakupenda, Musili. Nisiposikia sauti yako jioni, chakula hakishuki. Usiende Naivasha. Na ukienda, usiende ukifikiri sikutaki."

Uzi ukaingia. Mwongeli aligeuka, akamkuta Musili amenyamaza vilevile, anamtazama tu. Kimya kile kilimchoma, naye akajua sasa alichomfanyia mwenzake.

"Nimemaliza," alisema kwa sauti ndogo. "Unaweza kuongea."

"Umetia uzi vibaya," alisema Musili, akijifuta macho kwa mkono wa shati. "Na Naivasha watafute mwingine. Mwendwa wakwa, mpenzi wangu, nataka kukuoa. Wazee wangu watapeleka mbuzi za ntheo, za kukuposa, kwa mama yako Kathiani. Sijui atawapokea siku ga—"

"Jumamosi!" alijibu Mwongeli, kabla swali halijaisha.