Mama Haendi kwa Miguu

Jua lilikuwa linaingia nyuma ya mlima pale Damaris alipochukua sahani ya wali na kikombe cha kahawa ampelekee mama yake chumba cha kusini. Kila jioni ndivyo. Mama yake alikuwa mgonjwa, mwaka wa pili huo.

Mgonjwa kwa usemi wetu. Pumzi ilishakata zamani. Walimchoma dawa asiharibike, wakamvika sarong yake ya harusi, wakamlaza kichwa magharibi. Lakini mtoto yeyote wa Toraja, milimani kwetu huku, anajua kwamba mtu hafi mpaka nyati wake achinjwe msibani, aanguke. Kabla ya hapo unampelekea chakula, unamsalimia, unampa habari za nyumba. Nyati akishaanguka, roho inampanda mgongoni, inakwenda zake Puya waliko wazee. Njia ni ndefu. Nani atakubali mama yake aende huko kwa miguu, kama mchuuzi wa kuku?

Na nyati wa Mama alikuwepo. Jina lake Allo. Mweusi ti, pembe zimefunguka kama mikono ya mtu anayetaka kukumbatia. Damaris alimlea tangu ndama. Hakuolewa, hakwenda mjini, alikata majani tu na kumwogesha Allo.

"Mama, kula kabla haijapoa," alisema, akaweka sahani. "Tandi kampeleka Allo kwa bwana mifugo, kwato zinamsumbua. Watarudi sasa hivi."

Pikipiki ikanguruma uani. Damaris akatoka.

Tandi, mdogo wake, kitinda mimba wa Mama, alikuwa amekumbatia boksi jeupe kama mtu aliyebeba mtoto wa kwanza. Nyuma yake hakuna nyati.

"Allo yuko wapi?"

"Dada, kaa kwanza."

"Sikai. Allo yuko wapi?"

"Kwani lazima uanze na kelele? Nimemuuza kwenye soko la Bolu. Tutapata mwingine. Hebu kwanza uone kitu hiki."

Akafungua boksi. Ndani kulikuwa na lile dude. Miwani, lakini miwani gani inayofunika nusu ya uso? Kioo cheusi mbele, mkanda nyuma ya kichwa, na waya mrefu unaoshuka mpaka kwenye betri ya kutia mfukoni.

"Ukivaa hii unaiona nyumba yako kama kawaida," Tandi akasema, mate yanamtoka kwa furaha, "ila unaning'iniza vitu hewani. Televisheni kubwa kuliko ukuta! Unapika, saa inaelea juu ya chungu. Unaongea na mtu wa mjini Makassar kama kakaa hapa kwenye mkeka. Na mtu akikusogelea, yenyewe inamwona, inakuletea sura yake katikati ya picha usije ukagongana naye."

"Inavuna mpunga?"

"Dada..."

"Inateka maji?"

"Na Allo wako je, anateka maji? Halimi, habebi kuni, anakula na kulala. Unamwogesha kuliko mume, kama ungekuwa naye. Haya niambie, faida yake ya kila siku ni ipi?"

Mtoto kasema kweli. Nyati wa msiba hafanyi kazi.

"Faida yake ni ya siku moja," Damaris akasema.

"Siku moja!" Tandi akacheka. "Hii ni ya kila siku. Mama mwenyewe angeipenda. Si alikuwa ananipa kila kitu?"

Damaris alirudi chumba cha kusini, akafunga mlango, akapiga magoti. Sikio la mama lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akalisogelea.

"Mama," akanong'ona. "Tandi kauza miguu yako."

Akasogea zaidi.

"Umesikia? Kauza miguu yako, kanunua miwani. Mimi siwezi kumfanya kitu, ulimdekeza mwenyewe. Lakini wewe... usimwache."

Akarudia.

"Usimwache, Mama."

Muda wote huo alikuwa akipeleka kahawa jioni, na asubuhi anaikuta imepoa, imeshika utando juu, anaimwaga. Asubuhi iliyofuata kikombe kilikuwa kitupu.

Kikavu. Kama kimelambwa.

*

Wiki ya kwanza Tandi hakulivua dude lile. Anakula nalo. Anakaa kizingitini, kaelekeza uso ukutani, vidole vinafinya hewa kama mtu anayetoa chawa kwenye kichwa ambacho hakipo. Watoto wa jirani wanamcheka. Yeye anacheka nao, hawaoni.

Siku moja, jua linazama, alikuwa anatazama mpira sebuleni. Damaris yuko jikoni anakoka moto.

"Dada, sogea bwana. Unanizibia goli."

"Nikuzibie niko wapi?"

"Si hapo mbele yangu. Sogea."

"Tandi, mimi niko jikoni."

Moto unapasua ukuni... pa... pa...

"Basi nani huyu?"

Damaris akachungulia. Tandi kakaa peke yake kwenye mkeka. Kalivua dude, anaangalia mbele, anaangalia nyuma. Nyumba nzima ilinuka kahawa, na Damaris hakuwa amepika kahawa bado.

"Dude linakosea," Tandi akasema. Akajicheka. "Ati linaona watu."

Wiki ya pili akaanza kushika shingo.

"Zito hili. Linanivunja shingo."

"Livue."

"Hata nikilivua bado nalisikia. Hapa." Akagusa nyuma ya shingo, kwenye mabega. "Kama nimebeba gunia."

Akawa anatembea kainama. Ngazi za nyumba anazipanda kwa kushika na mikono. Kijana wa miaka ishirini na sita! Na akilala, analala kifudifudi, anapumua kwa pua, pumzi ndefu, nzito... hhhhuuu... hhhhuuu... Damaris akiwa kitandani kwake anaisikia. Pumzi ile anaijua. Alilala juu yake miaka minane, nyati yuko chini ya sakafu, kati ya nguzo za nyumba.

Jioni moja akamwambia mdogo wake, "Nipe na mimi nilione."

Tandi akafurahi. Alidhani dada kalegea. Akamvika mwenyewe, akakaza mkanda, akampa betri mkononi.

"Unaona nini?"

Damaris aliona nyumba yao. Nguzo zile zile, masizi yale yale, mkeka wake aliousuka. Kila kitu mahali pake, ila kimya zaidi, kama vitu vinasikiliza.

"Geuka huku, unione mimi," Tandi akasema.

Akageuka.

Tandi alikuwa kasimama kainama, mikono magotini, anatabasamu.

Juu ya mabega yake alikaa Mama.

Kakaa upande, miguu pamoja, kama wanawake wanavyopanda nyuma ya pikipiki. Sarong ya harusi. Pamba za puani zimetoka. Mkono mmoja kaushindilia kwenye nywele za Tandi, amezishika hasa. Hakumtazama Damaris. Alikuwa anatazama kusini, upande wa Puya, kama abiria aliyechoka kungoja.

"Eh? Unaona nini, Dada?"

Alitakiwa apige kelele. Mwanamke yeyote mwenye damu angepiga kelele.

Lakini niwaambieni ukweli, moyo wa Damaris ulifurahi. Ulipoa kama kidonda kilichopakwa mafuta. Akalivua dude taratibu, akamrudishia mwenye nalo.

"Naona nyumba," akasema. "Nyumba tu."

"Nzuri, sio?"

"Nzuri. Vaa, mdogo wangu. Vaa tu."

*

Siku tatu baadaye Tandi hakuja kula.

Damaris alipeleka chakula cha Mama kwanza, kama desturi. Akafungua mlango wa chumba cha kusini. Mama kalala kama alivyolazwa. Lakini nyayo zake, nyayo za mtu ambaye hajakanyaga chini mwaka wa pili... zilikuwa na tope.

Tope bichi. Mpaka kwenye vifundo.

Akaweka sahani, akatoka mbio.

Kwenye dimbwi la Allo, nyuma ya ghala la mpunga, mwanga ulibaki kidogo, wa rangi ya maji ya kahawa. Alisikia kabla hajaona.

Hhhhuuu... hhhhuuu...

Tandi alikuwa ndani ya tope mpaka kidevuni. Kwa mikono na miguu. Dude limefunika uso, kioo kimeoga matope, taya linakwenda upande huu, linakwenda upande ule. Majani yanamtoka mdomoni.

Na ule waya. Waya haukuning'inia. Ulinyooka mbele ya uso wake, umekazwa, na betri ilikaa hewani, usawa wa mkono wa mtu mfupi.

Mtu mfupi kama Mama.

Waya ukavutwa. Tandi akapiga hatua. Tope likasema *chwaa*. Ukavutwa tena. *Chwaa*. Wanakwenda kusini, kwenye ukingo wa jaruba. Chini ya ukingo ule ni mawe tu, urefu wa minazi miwili.

"Tandi!"

Hakugeuka.

"Mama! Mama, basi! Inatosha!"

Betri ikasimama hewani. Kutoka kwenye vile vispika vidogo vya masikioni mwa Tandi ikaja sauti, nyembamba, ya kukwaruza, sauti ya mtu ambaye koo lake lina dawa.

"Ulisema nisimwache."

"Nilisema kwa hasira, Mama. Ni mwanao. Ni kitinda mimba wako."

"Kwa hiyo niende kwa miguu?"

Mkono wa Damaris ulimjibia Mama. Aliingia topeni, akashika dude kwa mikono miwili, akalivuta kwa nguvu zake zote. Likatoka na nywele. Waya ukalegea, betri ikaanguka, *tubwi*, topeni.

Akamgeuza mdogo wake uso.

"Tandi. Tandi, mimi dada yako."

Macho yalikuwa makubwa, meusi, yamelowa. Yakamwangalia kama yanavyoangalia majani. Kisha ulimi ukatoka, mrefu, ukamlamba kiganja kutafuta chumvi.

*

Daktari wa kituo cha afya alisema ni ubongo, amekodolea picha mno. Mchungaji akaja, akaomba, akaondoka bila kula. Kijana mmoja wa jirani akasema atalinunua lile dude, akalivaa kulijaribu, akalitupa. Alisema ndani yake hakuona televisheni yoyote. Aliona uwanja wetu tu, mweupe wa jua, na bibi mmoja ameketi kwenye ngazi kafungasha vitu vyake.

Damaris alikwenda Bolu kumtafuta Allo. Aliambiwa nyati yule alishaanguka mwezi uliopita, kwenye msiba wa watu wengine huko ng'ambo ya mto. Amembeba mwanamke ambaye hata hatumjui.

Mavuno yalipokwisha ukoo ukakutana. Wakakaa, wakanywa kahawa, wakapanga: Agosti Mama Damaris azikwe, wagonjwa hawawekwi milele. Nguruwe, fulani ataleta. Mchele, fulani. Ikafika kwenye nyati. Kila mtu akatazama kikombe chake. Msimu ule nyati walikuwa wameadimika kuliko mvua ya kiangazi.

Mjomba Sampe, kaka wa Mama, akainuka kwenda kujisaidia. Mzee yule macho yamekufa, lakini mkono wake ndio uliopima nyati wote wa bonde lile tangu enzi za baba yake. Walimsikia anashuka ngazi, fimbo inagonga... ko... ko... Kisha fimbo ikanyamaza.

Damaris akatoka mlangoni kumwangalia.

Jua lilikuwa linazama. Pale kwenye nguzo ya Allo, chini ya ghala, alisimama Tandi, kwa mikono na miguu, kama alivyosimama kila jioni bila kufungwa na mtu. Mjomba Sampe alikuwa kamwinamia. Mkono wake ulianzia kiunoni, ukapita uti wa mgongo, ukabana nyama ya bega, ukapanda shingoni. Shingo ilikuwa imenenepa. Mkono ukafika kwenye paji la uso, upande wa kulia, ukasimama. Ukaenda kushoto, ukasimama tena. Kulikuwa na kitu pale, chini ya nywele. Mzee akakizungusha kidole, polepole, kama anayepima chipukizi.

"Damaris!" akaita, sauti imejaa furaha. "Mbona wanasema hamna nyati? Si huyu hapa!"

Ndani hakuna aliyeinuka. Damaris alisikia, nyuma yake, kwenye chumba cha kusini, mtu anaweka kikombe sakafuni, taratibu, kama anayesubiri jibu.

Mdomo wake ukafunguka. Maneno yalikuwa manne tu. *Mjomba, huyo ni Tandi.*

Tandi akainua uso, akamtazama dada yake. Taya likaacha kutafuna.

"Bado mdogo," Mjomba Sampe akasema, anafuta mkono kwenye sarong yake, "pembe ndiyo kwanza zinaanza. Na kakonda. Lakini hadi Agosti, akilishwa vizuri, huyu atafaa."

Damaris akashuka ngazi moja. Akashuka ya pili.

"Nitamlisha, Mjomba," akasema.