Mkono wa Kushoto wa Gauni

Kila alasiri Lirio aliporudi kutoka shuleni, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtungia bibi yake uzi kwenye sindano. Bibi Isidra aliketi kwenye kiti cha mianzi karibu na dirisha, fremu ya kudarizia magotini, akimngoja. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, lakini vidole vyake havikuwa vimesahau kitu. Alidarizi maua kwenye mashati ya maharusi, kama wanawake wengi wa mji wa Lumban, nchini Ufilipino. Akiwa kazini feni haikuwashwa hata joto liwe kali vipi, kwa sababu kitambaa cha nyuzi za majani ya mnanasi ni chepesi, hupeperushwa hata na pumzi.

"Umekula?" Bibi aliuliza.

"Nitakula, Bibi. Nipe sindano kwanza."

Waliishi wawili tu. Baba yake Lirio alikuwa baharia, na mama yake, Amparo, alifariki Lirio akiwa bado anatambaa. Bibi hakupenda kumzungumzia. Akiulizwa, aliinamia fremu yake na kusema, "Siku nyingine, mjukuu wangu."

Mwezi wa Agosti Mwalimu Evangelista alitangaza mashindano. Kila mwanafunzi achukue vazi la zamani la Wafilipino alitengeneze upya, livaliwe na vijana wa leo. Kazi bora ingepelekwa kwenye maonyesho mjini Santa Cruz.

"Mimi shangazi yangu wa Manila ananisaidia," alisema Charito, rafiki yake, wakati wa mapumziko. "Na wewe, Lirio? Utatuletea matambara ya kufutia sufuria?"

Wenzao waliangua kicheko. Lirio naye alicheka, lakini yale maneno yalimkaa moyoni.

Jumamosi Bibi alipokwenda sokoni kununua nyuzi, Lirio alifungua sanduku la mbao lililokuwa chini ya kitanda. Alijua kuna nini ndani. Chini kabisa, limefungwa kwa shuka jeupe, lilikuwamo gauni la kitambaa cha nanasi lenye mikono mipana iliyosimama kama mbawa za kipepeo. Halikuwa limevaliwa na mtu. Kifuani na kwenye mkono wa kulia palijaa maua ya sampagita, yasmini ndogo nyeupe, yaliyodariziwa vizuri mno, ungedhani yameota humo. Mkono wa kushoto ulikuwa tofauti. Maua yake yalikwenda upande, uzi ulikuwa na mafundo, na jani moja liliishia katikati.

"Huu uliharibika," Lirio alijiambia. "Ndiyo maana Bibi amelitupa gauni huku."

Akashika mkasi. Akakata.

Maua mazuri aliyashona mgongoni mwa jaketi lake kuukuu la jinzi. Mkono wa kushoto, ambao haukumfaa, aliukunjakunja, akausukuma ndani ya rundo la majani makavu nyuma ya jikoni. Gauni lililobaki alilifunga tena kwenye shuka na kulirudisha sandukuni.

Mwalimu alipoliona lile jaketi, aliligeuza mara mbilimbili. "Darizi hii umeipata wapi, Lirio?"

"Bibi alinipa."

Uongo ulimtoka kirahisi hata yeye mwenyewe akashangaa.

Siku ya mashindano wazazi walijaa kwenye ukumbi. Lirio alikuwa amemwambia Bibi asijisumbue kuja, lakini Bibi alikuja, amevaa blauzi yake ya kanisani na viatu vilivyokuwa vikimbana. Jaketi la Lirio lilikuwa limetundikwa mbele, na utepe wa mshindi umebandikwa juu yake. Charito mwenyewe alikuwa akilipiga picha kwa simu.

"Bibi, tunakushukuru sana," Mwalimu alisema, akimshika mkono. "Wazee wachache wangekubali kuwapa watoto kitu cha thamani kama hiki."

Bibi Isidra hakuelewa. Alisogea karibu na jaketi, na kwa kuwa macho hayakumtosha, alilipapasa. Vidole vyake vilipita juu ya ua la kwanza, la pili, la tatu, vikasimama. Mtu huijua kazi ya mkono wake hata gizani. Lirio aliona uso wa bibi yake ukibadilika, akatamani ardhi immeze.

"Haya, Mwalimu," Bibi alisema polepole. "Asante."

Walipofika nyumbani alilivuta sanduku, akafungua shuka, akayatandaza yale mabaki kitandani. Lirio alisimama mlangoni akingoja kugombezwa. Bibi hakugomba.

"Mkono wa kushoto uko wapi?"

"Ule ulikuwa umeharibika, Bibi. Maua yake yalikuwa ya ovyo."

"Nakuuliza, uko wapi?"

"Niliutupa. Kwenye majani, nyuma ya jikoni."

Bibi aliketi kitandani taratibu. Aliitazama mikono yake.

"Yale majani," alisema, "niliyachoma mimi."

Kisha akalia. Lirio hakuwahi kumwona bibi yake akilia. Hakulia kwa sauti, machozi yalimtiririka tu naye asiyafute.

"Hili gauni nilikuwa nalishona na mama yako," alisema hatimaye. "Ni lako. Tulikuwa tunakuwekea. Amparo alikuwa hospitali, na alijua hatapona. Akaniambia, 'Mama, wewe darizi upande huu, mimi nitadarizi mkono wa kushoto, ili siku Lirio akilivaa awe na kitu nilichokishika.' Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Kila ua lilimchukua siku nzima. Lile jani hakulimaliza."

Lirio alikimbia nyuma ya jikoni. Alipiga magoti kwenye majivu, akachakura kwa vidole mpaka kucha zikajaa weusi. Hakupata hata uzi. Bibi alimfuata, akachuchumaa karibu naye, wakachakura pamoja ingawa wote wawili walijua hakuna kitu. Mwishowe Bibi akamshika mikono.

"Inatosha, mwanangu. Inatosha."

Jumatatu Lirio alisimama mbele ya darasa. Alisema kwamba Bibi hakumpa kitu, kwamba aliiba, akadanganya, na kwamba alikuwa ametupa kazi ya mwisho ya mama yake bila kujua. Alimrudishia Mwalimu utepe. Hakuna aliyecheka. Wakati wa mapumziko Charito alikuja akaketi karibu naye, akamkatia nusu ya mkate wake.

Siku iliyofuata Mwalimu alifika nyumbani akiwa amebeba jaketi. Ushindi ulikuwa umekwenda kwa mwingine, alisema, nayo darizi ilikuwa mali ya Bibi. Kama angependa, wangeifumua wairudishe kwenye gauni.

Bibi aliliweka jaketi mapajani. "Tukifumua, kitambaa kitachanika. Acha maua yabaki humu. Lirio alivae."

"Siwezi kulivaa, Bibi," Lirio alisema huku akilia. "Nitalivaaje?"

"Utalivaa, na wakikuuliza nani alidarizi, utawaambia." Bibi alimvuta karibu. "Nisikilize. Sikukasirika kwa sababu umefanya kitu kipya. Hata haya mashati ninayodarizi, bibi yangu angeyaona akashangaa. Nguo ya zamani inaweza kukatwa ikashonwa upya. Lakini kabla hujaikata, uliza ilikuwa ya nani, na kwa nini iliwekwa. Ungeniuliza ningekwambia. Na ulipoulizwa na Mwalimu, ungesema kweli. Uongo wako haukuuchoma ule mkono, maana siku hiyo ulikuwa umekwisha kuungua. Uongo huo ulichofanya ni kuniacha nijue mbele za watu, kwa vidole vyangu."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Na mimi nina kosa langu. Nilinyamaza kwa sababu kumtaja mama yako kuliniuma, nikakuacha ukue hujui maana ya kilichomo ndani ya sanduku. Kilichoungua hakirudi, mjukuu wangu. Lakini mimi bado nipo."

Akamfuta machozi kwa upindo wa blauzi yake, akamketisha sakafuni kando ya miguu yake.

"Niulize sasa," alisema.

Lirio akauliza sauti ya mama yake ilikuwaje.