Samaki Wenye Miba na Biskuti za Mbwa

Kila asubuhi mwokaji alifungua mlango wake, na kila asubuhi roho ilimuuma. Ng'ambo ya uchochoro, kwa wifi yake, wenye mbwa walikuwa wamepanga foleni kununua biskuti. Biskuti zake mwenyewe za mbwa, za nyama ya ng'ombe, zilikaa siniani bila mnunuzi.

"Dada yako ana nini nisicho nacho?" alimuuliza mumewe.

"Ana samaki," mume alijibu, akitafuta kiatu cha pili. "Wale wadogo wenye miba, wanaotupwa sokoni."

Mwokaji alibetua midomo. Hata hivyo, siku hiyo hiyo alikwenda sokoni kwa muuza samaki.

"Chukua ndoo nzima," muuza samaki alimwambia. "Wanaingia wavuni pamoja na wakubwa, lakini nani ana subira ya kuchambua miba? Huwa tunawamwaga."

Kumwiga wifi tu hakukumtosha. Wivu ulimtuma ampiku. Akawakaanga wale samaki kwa vitunguu na chumvi nyingi, kama anavyompikia mumewe. Akawaponda na miba yao, akachanganya na unga, akaoka. Kisha akampa mbwa wake, Kipara, sahani nzima.

Alasiri Kipara alitapika, akanywa maji bila kukoma, akajilaza hoi. Mwokaji akameza kiburi chake, akavuka uchochoro.

"Wifi, nisaidie! Nilitaka kukushinda, sasa mbwa wangu anakufa."

Wifi alitoka mbio. Walimbeba Kipara hadi kwa daktari wa mifugo, akatibiwa. Waliporudi, wifi alimweleza.

"Kitunguu ni sumu kwa mbwa, wifi yangu. Kitunguu saumu vilevile. Na chumvi nyingi humdhuru. Toa utumbo, chemsha samaki kwa maji matupu, chambua miba yote, ndipo uponde. Changanya na unga, kata vipande vidogo, oka mpaka vikauke kabisa. Na umpe kidogo tu. Hicho ni kitafunio, si chakula chake."

"Kwa nini hutumii samaki wakubwa?"

"Wakubwa wanapungua, na watu wanawahitaji. Hawa wameshavuliwa. Kuwatupa ni hasara."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ungenisikiliza?"



Kipara alipopona, mwokaji alioka upya, bila chumvi wala kitunguu, akachambua miba mpaka vidole vikamuuma. Siku moja alikuja mtunza mbwa wa kampuni ya ulinzi, akitaka biskuti za mbwa wake wote. Akaweka moja ya wifi na moja ya mwokaji chini uchochoroni, mbele yao wote wawili, akamwachia mbwa aliyekuja naye achague.

Mbwa alinusa ya wifi, akaipita, akala ya mwokaji.

Wifi alitabasamu kwa midomo tu. Mwokaji aliujua vizuri uso ule, maana ndio aliokuwa akiamka nao kila siku.

"Oda hii siiwezi peke yangu," alisema haraka. "Wifi, tuioke pamoja. Jikoni kwako."

Wifi alivuta pumzi.

"Jikoni kwako," alijibu. "Nataka kuona unavyofanya."