Kifungu cha Tisa Mikononi Mwake

Mkalimani wa lugha ya alama alimpata mpenzi wake kwenye lifti iliyojaa watu, alipomkanyaga kwa kisigino hadi mwanaume wa watu akaona nyota.

"Pole, kaka."

"Nitapoa ukinipa namba yako."

Akacheka, akampa. Ikawa simu asubuhi, simu jioni. Na alipomuuliza kazi yake?

"Makaratasi ya serikali, mpenzi. Nikikueleza utasinzia."

Dada wa watu akaridhika. Mapenzi yalikuwa yamemkolea.

Hadi siku ya mjadala wa wazi kuhusu muswada wa usalama. Ukumbi ulifurika. Alisimama kando ya jukwaa na gauni lake jeusi ili mikono ionekane vizuri, na mdogo wake wa kiume, asiyesikia tangu kuzaliwa, alikaa mbele kabisa. Kifungu cha tisa ndicho kilichowatia watu kiwewe: atakayeamriwa na polisi kusimama asisimame, atawekwa ndani bila kufikishwa mahakamani.

"Tumsikilize aliyeiandika sheria," alisema mwenyekiti.

Mungu wangu! Akapanda mpenzi wake, suti ya kijivu, tai imenyooka. Makaratasi, kumbe! Na kazi ya mkalimani haina "yeye amesema". Msemaji akisema mimi, mikono nayo husema mimi.

"Kifungu hiki nimekiandika mimi. Raia mwema hana cha kuogopa."

Mikono ya dada ikamwambia mdogo wake: nimekiandika mimi.

Kijana akainuka, akauliza kwa alama. Dada akamsemea kwenye kipaza sauti:

"Mimi sisikii. Polisi akiniamuru nimempa mgongo, nitajuaje? Nitafungwa kwa uziwi wangu?"

Mwandishi wa sheria alipauka.

"Haki ya Mungu, sikulifikiria hilo. Kifungu hakifai. Naomba kiondolewe."

"Umetumwa kukitetea!" mwenyekiti alifoka.

Nje, kwenye ngazi, mwandishi wa sheria alimkimbilia mpenzi wake.

"Nisamehe. Niliogopa utaniacha. Kazi nadhani nimeshaipoteza, usiniache na wewe. Nataka nikuoe."

"Nimeshtuka mpaka sijui nikupige au nikukumbatie. Kamwombe radhi shemeji yako kwanza, yule pale."

"Utanitafsiria?"

"Leo sitafsiri."

Mwanaume alisimama mbele ya kijana, akainua mikono, asijue aanzie wapi. Kijana alimkazia macho weee, kisha akamshika vidole, akaanza kumfundisha kusema samahani.